MAONI: Kabla ya kununua diski, jiulize ikifa utabaki na nini

Kituo cha Kitaifa cha Data kiko Makueni. Ndiyo, Makueni hii hii ya maembe. Kiko Konza, kule Malili, mahali ambapo Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi wa mji wa teknolojia mnamo Januari 2013. Wahandisi wanaojenga vituo vya aina hiyo, iwe ni Konza, Ulaya au Marekani, huanza na wazo moja: kila diski itakufa. Hawajui ni ipi itatangulia wala itakuwa siku gani, kwa hivyo hawaiamini hata moja. Faili moja huwekwa zaidi ya mahali pamoja, na stima ikipotea kuna betri na jenereta zinazosubiri zamu.

Sasa toka Malili uteremke hadi Wote, au uvuke uende Kitui mjini, Mwingi, Mutomo. Huko utapata kijana mwenzako ana kazi ya miaka minne kwenye diski moja ya nje, iko ndani ya mkoba pamoja na chaja na betri za kamera. Humo mna video za ntheo, za harusi na za mazishi. Mna nyimbo za kwaya, skani za vitambulisho vya wateja wa saiba, labda na mradi wa mwaka wa mwisho wa rafiki yake anayesoma SEKU pale Kwa Vonza. Nakala ni hiyo moja. Ikienda, imeenda.

Kijana huyo akipata pesa ya kununua diski nyingine, swali lake la kwanza ni lile ambalo pengine hata wewe umeuliza: "Diski gani ni nzuri, haisumbui?"

Naomba nikuambie bila kuzunguka. Swali hilo halitakusaidia. Diski isiyosumbua milele haijatengenezwa. Swali la kuuliza ni hili: hii ninayonunua ikifa kesho asubuhi, nitabaki na nini? Ukishalijibu hilo, ndipo mambo ya aina, ukubwa na bei yanapoanza kuwa na maana.

Najua kuna atakayesema mambo ya diski yamepitwa, weka kila kitu mtandaoni. Hebu tupige hesabu. Harusi moja iliyopigwa kwa kamera mbili inaweza kujaza 200GB bila shida. Ukiwa na intaneti inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde, bila kukatika hata mara moja, utahitaji takriban saa 44 kuipandisha. Hiyo ni karibu siku mbili mfululizo kwa harusi moja, na Jumamosi ijayo kuna nyingine. Kwa bando la simu, gharama pekee itakumaliza. Kwa hivyo kwa mpiga video wa Kibwezi, kwa dijei wa Emali, kwa anayejaribu kujenga seva yake nyumbani kwa kutumia kompyuta kuukuu, diski bado ndiyo ghala. Tujifunze kuichagua.

Jina la kampuni halitoshi

Vijana hubishana kuhusu kampuni za diski kama wanavyobishana kuhusu Arsenal na Manchester United. Huyu anaapa kwa Seagate, yule anasema Western Digital ndiyo kusema. Ukweli ni kwamba diski za kuzunguka zinatengenezwa na kampuni tatu tu duniani siku hizi: Seagate, Western Digital na Toshiba. Na hakuna jina kubwa ambalo halijawahi kuaibika.

Mwaka wa 2000 IBM ilitoa diski ya Deskstar 75GXP. Zilikufa kwa wingi kiasi kwamba watumiaji walizibandika jina la Deathstar. Miaka kadhaa baadaye ikaja diski ya Seagate ya 3TB, modeli ST3000DM001. Backblaze, kampuni ya Marekani inayohifadhi data za watu, ilizitumia kwa maelfu. Zikafa hovyo hadi ikaamua kuziondoa hata zile zilizokuwa bado zinafanya kazi. Mnamo 2023 ilikuwa zamu ya SSD za kubeba mkononi za SanDisk Extreme. Wapiga picha duniani kote walilalamika kwamba faili zao zinatoweka, na Western Digital, iliyokuwa ikimiliki jina hilo wakati huo, ikalazimika kutoa programu ya kurekebisha.

Kampuni hizo hizo zimetengeneza pia diski ambazo zimefanya kazi miaka kumi bila kukohoa. Kwa hivyo usinunue jina. Nunua modeli. Ile nambari ndefu iliyochapishwa kwenye kibandiko, ambayo watu wengi hata hawaisomi, ndiyo inayokuambia hasa umeshika nini. Iandike, kisha uitafute kabla ya kutoa pesa.

Pa kuanzia ni takwimu za Backblaze zenyewe. Tangu 2013 kampuni hiyo imekuwa ikichapisha hadharani ni diski gani zilizokufa na ni za modeli gani. Kwa miaka ya karibuni, kwa jumla, imekuwa ikipoteza kati ya diski 1 na 2 kwa kila 100 kwa mwaka. Ni idadi ndogo. Lakini kumbuka diski hizo zinakaa kwenye chumba chenye ubaridi na stima isiyoyumba, hazibebwi na mtu. Yako iko kwenye kibanda cha mabati Mwingi saa nane mchana. Na hata kama ni 1 kwa 100, ukiwa na diski moja tu na ikawa ndiyo hiyo, kwako wewe hasara ni asilimia 100.

Adui wa kwanza ni stima

Ukiniuliza kinachoua diski nyingi huku kwetu, sitaanza na joto wala vumbi. Nitaanza na stima. Mwaka wa 2023 peke yake, Kenya nzima au sehemu yake kubwa iliingia gizani mara tatu: Agosti 25, Novemba 11 na Desemba 10. Hizo ni zile zilizofika kwenye habari. Zile za mti kuangukia waya Kathonzweni au transfoma kulipuka Kyuso hazihesabiwi na mtu, unazijua mwenyewe.

Fikiria kinachotendeka ndani. Diski ya kuzunguka ya kawaida ya kompyuta ya mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kila sekunde. Kichwa kinachosoma hakigusi sahani. Kinaelea juu yake, kwa nafasi iliyo ndogo mara maelfu kuliko unene wa unywele. Stima ikikatika ghafla, diski hujitahidi kukirudisha kichwa mahali salama, na kwa kawaida hufaulu. Lakini chochote kilichokuwa bado hakijaandikwa kinapotea, na faili iliyokuwa wazi inaweza kuharibika.

SSD haina kinachozunguka, kwa hivyo watu hudhani iko salama. Si hivyo. Ndani yake kuna ramani inayosema kila kipande cha data kiko wapi, na ramani hiyo hubadilika kila wakati. SSD za seva huwekewa kapasita za kuiwezesha kumalizia kazi stima ikipotea. SSD nyingi za bei ya kawaida hazina. Ramani ikivurugika, data bado imo lakini hakuna njia ya kuifikia. Halafu stima inaporudi kwa kishindo, kifaa chochote kilichochomekwa ukutani bila kinga kinapokea pigo.

Ndiyo maana nasema UPS ni sehemu ya bei ya diski. Kazi yake si kukuwezesha kuhariri video gizani. Kazi yake ni kukupa dakika chache za kufunga kila kitu kwa utaratibu. Kama ni seva inayowaka hata ukiwa umelala, nunua UPS yenye waya wa USB, uiunganishe na kompyuta ili ijizime yenyewe betri ikipungua.

Huna pesa ya UPS? Basi laptopu ya zamani yenye betri inayoshika hata nusu saa ni seva nzuri kuliko kompyuta ya mezani ya bei kubwa. Betri yake ndiyo UPS yako. Lakini angalia jambo moja dogo linalosahaulika: diski ya nje ile kubwa, yenye adapta yake ya ukutani, itazimika stima ikipotea hata kama laptopu inaendelea. Ile ndogo inayokula moto kutoka kwenye USB itabaki hai pamoja na laptopu.

Vumbi, joto na boda boda vinafuata. Diski inayozunguka haipendi kutikiswa, kwa hivyo usihamishe kompyuta au diski ya nje ikiwa bado inafanya kazi, hata kama ni kuitoa tu mezani kuipeleka kitandani. Kwa anayezunguka na kamera kwenye barabara za changarawe kutoka Zombe hadi Kitui mjini, SSD ndiyo ya kubeba. Ile ya kuzunguka ibaki nyumbani.

Kuhusu joto, diski nyingi za kuzunguka zimeidhinishwa kufanya kazi hadi nyuzi 60. Watafiti wa Google waliofuatilia diski zaidi ya 100,000 na kuchapisha matokeo yao mwaka wa 2007 walikuta kwamba joto la wastani haliui diski kama watu walivyodhani. Lililodhuru ni joto la juu sana, hasa kwa diski zilizokwisha kuzeeka. Kwa hivyo usiogope jua la Makueni. Ogopa kuifungia kompyuta ndani ya kabati lisilo na tundu, chini ya bati, na feni imejaa vumbi.

Chagua kulingana na kazi

Kwa kuendeshea kompyuta na kuhariri, chukua SSD. Watu huogopeshwa eti SSD "inaisha" ukiiandikia sana. Soma kwenye maelezo yake kiwango kinachoandikwa TBW. SSD ya 1TB yenye TBW 600 ina maana kampuni inaidhamini hadi uandike terabaiti 600. Ukiandika 100GB kila siku, bila kupumzika hata Krismasi, utafika huko baada ya siku 6,000. Hiyo ni zaidi ya miaka 16. Kwa hivyo si kuisha polepole kutakakokuumiza, ni kifo cha ghafla.

Kwa seva ya nyumbani na hifadhi kubwa, chukua diski ya kuzunguka, lakini uliza swali hili: ni CMR au SMR? Diski ya SMR huandika mistari ya data ikipandana, kama mabati kwenye paa. Hivyo ndivyo wanavyopata nafasi zaidi kwa bei ndogo. Lakini ukitaka kubadilisha bati moja katikati, lazima uinue na jirani zake. Kwa kuhifadhi vitu usivyogusa, haina neno. Kwa seva inayoandika na kufuta kila mara, au diski kadhaa zilizounganishwa kwa RAID, ni mateso.

Mwaka wa 2020 iligunduliwa kwamba baadhi ya diski za WD Red, zilizouzwa mahsusi kwa seva ndogo, zilikuwa SMR na wateja hawakuambiwa. Makelele yalipozidi, kampuni ilitoa orodha, na leo zile za CMR zinauzwa kama Red Plus. Mwenzake upande wa Seagate ni IronWolf. Fundi akikuambia "hizo zote ni sawa", mwonyeshe nambari ya modeli.

Kwenye maduka ya kamera za usalama katika miji yetu utapata pia WD Purple na Seagate SkyHawk. Hizo zimetengenezewa kurekodi kamera usiku na mchana. Kama unaweka CCTV dukani, hizo ndizo. Kama ni za kuhifadhi kazi ya wateja, tafuta kwanza zile za seva.

Na kwa kuweka sandukuni miaka mingi, usitumie SSD. SSD hushika data kwa chaji ya umeme, na chaji huvuja taratibu, haraka zaidi penye joto. Kiwango cha kimataifa cha JEDEC kinataka SSD ya mtumiaji wa kawaida, ikiwa imetumika hadi mwisho wa TBW yake, ishike data kwa mwaka mmoja tu ikiwa imezimwa, kwenye nyuzi 30. Mpya itashika zaidi ya hapo, lakini si kitu cha kufungia kabatini na kusahau hadi mtoto aliyezaliwa baada ya ile harusi aingie shule.

Kizuri chajiuza

Kibaya nacho chajitembeza, siku hizi kwenye simu yako. Ukionyeshwa diski ya kubeba mfukoni ya 16TB kwa Sh2,000, huo ni uongo, hakuna haja ya kujadili. Ndani huwa mna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyorekebishwa ili iidanganye kompyuta. Faili zinaingia, majina yanaonekana, lakini nafasi halisi ikijaa data inaandikwa juu ya ile ya mwanzo. Unagundua siku unapozihitaji.

Dawa yake ni ya bure. Kwenye Windows kuna programu iitwayo H2testw, kwenye Linux na Mac kuna F3. Zote hujaza diski yote kisha zinasoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichomo. Diski ya 4TB itachukua usiku mzima na zaidi. Iache ifanye kazi. Afadhali upoteze usiku mmoja.

Diski za mtumba si dhambi. Wengi wetu hatungekuwa na kompyuta bila mitumba. Lakini kabla ya kutuma M-Pesa, omba muuzaji aichomeke, kisha ufungue CrystalDiskInfo au, kwenye Linux, smartctl. Angalia saa ilizofanya kazi: saa 8,760 ni mwaka mmoja mzima bila kuzimwa. Kisha angalia mistari ya 05, C5 na C6, inayohesabu sehemu za diski zilizoharibika, zinazosubiri hukumu, na zisizosomeka tena. Zote zinapaswa kuwa sifuri. Kama si sifuri, rudisha pesa mfukoni. Utafiti ule wa Google ulionyesha kwamba diski ikionyesha kosa lake la kwanza wakati wa kujikagua, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 ni mara 39 kuliko ile isiyo na kosa.

Lakini usilale hata ukiona sifuri tupu. Katika utafiti huo huo, zaidi ya asilimia 56 ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja kati ya dalili nne kuu. Kipimo hiki kinaweza kukukataza kununua. Hakiwezi kukuhakikishia kitu.

Na saa zenyewe zinaweza kurudishwa nyuma, kama kilomita za gari. Mapema 2025 ilifichuliwa Ujerumani kwamba diski za Seagate zilizokwisha kutumika kwa maelfu ya saa zilikuwa zikiuzwa kama mpya, hesabu ikiwa imefutwa. Zilinaswa kwa sababu diski hizo huweka daftari la pili liitwalo FARM, ambalo halikuguswa. Ukiwa na toleo la karibuni la smartctl, andika smartctl -l farm ulinganishe mwenyewe. Kama zilipenya Ulaya kwenye maduka yanayoheshimika, usidhani hazijui njia ya kufika hapa.

Mbili za kawaida zashinda moja ya kifahari

Sasa turudi kwenye swali letu: ikifa, utabaki na nini?

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuwa wameona diski. Akiba ya diski moja huoza, na huoza kimya. Sahani za santuri za Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers za miaka ya 1970 zikichakaa, unasikia mikwaruzo na muziki bado unaendelea. Diski haikupi mkwaruzo. Jana ilifunguka, leo haifunguki.

Wapiga picha wana kanuni ya zamani: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine. Ukiweza kuitimiza yote, hongera. Kama huwezi, anza na mbili. Ukiwa na pesa za diski moja ya 4TB ya hali ya juu, afadhali ununue mbili za 2TB za kawaida, za modeli tofauti, ili ugonjwa mmoja usiziue zote.

Usidanganyike kwamba RAID ndiyo nakala. RAID hukuokoa diski moja ikifa. Haikuokoi ukifuta folda kwa bahati mbaya, mwizi akibeba kompyuta nzima, wala radi ikipiga. Diski ya pili ifunguliwe siku ya kunakili tu, kisha ichomolewe na ikae nyumba nyingine. Kama studio yako iko Wote na dada yako anaishi Emali, mpelekee kila mwisho wa wiki. Zile 200GB zilizotaka saa 44 kwenye intaneti, matatu itazifikisha kabla ya chakula cha mchana.

Kwa sababu inasafiri, ifunge kwa nywila. BitLocker, VeraCrypt na LUKS zinafanya kazi hiyo. Hasa wewe wa saiba mwenye nakala za vitambulisho na nambari za KRA za watu: Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakutaka uzilinde, na ukiuza diski kuukuu bila kuisafisha umeuza wateja wako pamoja nayo.

Halafu weka daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika nambari ya kila diski, tarehe uliyoinunua, kilichomo na nakala yake iko wapi. Mara moja kwa mwezi fungua faili tatu kutoka kwenye nakala uone kama zinafunguka kweli. Nakala ambayo hujawahi kuifungua ni matumaini tu.

Nasikia ukisema huna pesa. Nakuelewa, lakini mpiga video anapotaja bei yake huhesabu nauli, mafuta ya jenereta, hata chakula cha msaidizi. Mbona diski haimo? Kazi ya mteja inalala kwenye diski. Iweke kwenye bei, umwambie wazi: kwa kiasi hiki nakuwekea nakala mbili kwa mwaka mzima. Mteja aliyelipia ntheo ya binti yake atakuelewa. Ambaye hatakuelewa ni yule atakayekuja kuomba video ya mazishi ya mamake umwambie diski ilikataa kuwaka.

Hapo ndipo uzito wa jambo hili uko. Video ukiipoteza unaweza kurudisha pesa. Sauti ya cucu akiimba kilumi Mutomo, na cucu mwenyewe keshazikwa, utairudisha na nini? Kizazi chetu ndicho kilichopewa kazi ya kurekodi Ukambani, bila kuajiriwa wala kuulizwa. Tukifanya mchezo na diski, watoto wetu watarithi simulizi za vitu tulivyowahi kuwa navyo.

Kwa wauzaji na kaunti

Muuzaji, andika kwenye risiti modeli, saa ilizofanya kazi, na kama ni mpya au ya mtumba. Mpe mteja siku saba za kuipima. Ukiuza kitu cha kweli huna cha kuogopa, na mteja atarudi kwako.

Nazo serikali za kaunti za Kitui na Makueni, tunaomba kitu kidogo tu. Katika vyuo vya kiufundi na vituo vya vijana wekeni meza moja yenye kompyuta, waya na programu za kupima, ambapo kijana anaweza kuleta diski aliyonunua akaijua hali yake bure. Programu zenyewe hazina gharama. Makueni inayojivunia Konza haiwezi kushindwa na meza.

Lakini usingoje meza. Leo jioni, kabla stima haijapotea, chukua kitu kimoja usichoweza kukitengeneza upya maishani na uhesabu kina nakala ngapi. Kama jibu ni moja, sasa unajua pesa yako ijayo inaenda wapi.